Fahali Hangoji Chai

Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na sita, Phanuel aliuzunguka uwanja wa Malinya mpaka nyasi zikamzoea. Akikaa, anainuka. Fahali wake, Dhoruba, aliamshwa kwa ngoma za isukuti kabla ya jogoo, kama desturi ya kupiganisha mafahali inavyotaka, na fahali akishatiwa isukuti masikioni harudi kulala. Huyu alikuwa fahali kweli. Akikohoa, wachimba dhahabu wa Ikolomani hutoka mashimoni wakidhani yanaporomoka. Sasa alifukua udongo kwa kwato, povu mdomoni, na jua lilikuwa limeshapita migomba.

"Vumilia kidogo, mzee," alisema Willis, mwenyekiti wa kamati ya utalii, kamati changa kuliko viatu vyake. "Wageni wanakunywa chai hotelini."

"Chai gani hiyo? Wanachuma majani kwanza?"

"Wakipapenda hapa, watakuja kila mwezi. Malinya itajulikana mpaka ng'ambo."

"Kwa mizoga? Fahali anapigananga na umande miguuni. Jua likiwaka, moyo unapasuka."

Willis alitazama barabara. Haikuwa na kitu ila vumbi.

Phanuel akavuka uwanja hadi kwa Osundwa wa Shinyalu, mwenye fahali wa pili. Hawakuwa wamesalimiana tangu mafahali hao wakiwa ndama.

"Wako anahemaje?"

"Kama mvukuto wa mhunzi. Wako?"

"Usiulize."

Kila mmoja akaenda kufungua kamba ya fahali wake.

Isukuti zikalia, filimbi zikajibu. Pembe zilipogongana, watu wa Butere walitoka kwenda kupokea treni, wakidhani imeingia stesheni. Dhoruba akasukuma, akasukumwa, akasukuma tena, kisha akakumbuka ameacha kazi nyumbani. Akageuka, akapasua umati, akashika barabara.

Phanuel akamfuata mbio, kofia mkononi. Kushindwa kulimchoma, hilo halifichiki. Lakini fahali wake alikuwa anakimbia kwa miguu yake mwenyewe, hakuburutwa kwa kamba kama mzoga.

Kwenye kona akakuta gari la wageni limesimama. Dhoruba alikuwa amejipanga katikati ya barabara, anatafuna mahindi ya mtu, na kamera zinambofya kama bwana harusi. Willis akafika akihema, akasikiliza wageni, akageuka.

"Wanauliza, huyu ndiye mshindi?"

Phanuel akajifuta jasho taratibu. "Waambie ndiye. Mwenzake bado yuko uwanjani, anaona haya kutoka."

"Lakini mzee..."

"Kama hawaamini, Jumamosi ijayo kuna vita vingine. Walale kwangu, mke wangu Jescah atawatandikia, waamke na umande kama sisi."

Willis akatafsiri. Wageni wakanong'onezana. Mama mmoja mwenye kofia pana akauliza kitu.

"Anataka kujua kama huko kwa Jescah chai iko."

"Iko," alisema Phanuel, akimshika Dhoruba sikio. "Lakini tunakunywanga baada."