Kidole Kilichobonyeza

Kinya alilala chali chini ya mashine namba mbili, mgongo kwenye sakafu yenye maziwa yaliyochacha, akaukunja waya wa enkoda kwa vidole viwili. Juu yake, kwenye skrini, namba iliruka kutoka mia nane hadi elfu moja na mia nne. Mota haikuwa imesogea hata kidogo. Akauachilia waya, namba ikarudi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona," akajibu Mwongera, fundi mkuu, aliyekuwa amechuchumaa na tochi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Jumanne, taya za mashine hiyo, zile zinazobana na kuchoma mdomo wa pakiti za maziwa, zilikata vidole vitatu vya Teresia, mpakiaji aliyekuwa kiwandani miaka kumi na moja. Kamati ya kiwanda ilikuwa ikae saa nane mchana kumtafuta mkosaji. Kinya alikuwa ameshampata. Enkoda ni kidude kidogo nyuma ya mota, na kazi yake ni kuiambia kompyuta taya ziko wapi. Waya wake ukiwa mbovu, kompyuta hudanganywa. Taya zimesimama wazi, yenyewe inaambiwa zimekwenda kwingine, basi inazirudisha kwa kishindo. Zikikuta mkono katikati, shauri ya mwenye mkono.

Waya wa asili ulikatika Januari. Kiwanda kikanunua waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, ukaungwa kwa utepe mweusi. Tangu hapo kengele ya hitilafu ililia karibu kila siku. Kinya alimwambia Mwongera mara tatu. Mara ya tatu alifungua kabisa kitabu cha kumbukumbu za mashine ili aandike.

"Usiniandike, mwanangu," Mwongera alimwambia. "Ofisi ikisoma hapo itasema idara imenishinda. Niachie hiyo maneno, nitaongea na meneja mwenyewe. Wewe reset tu, maziwa isiharibike."

Kinya akafunga kitabu. Angeandikaje? Mwongera alikuwa rika la baba yake kule Muthara, walitahiriwa msimu mmoja, na rika la baba ni baba. Ndiye aliyemwingiza kiwandani na cheti chake cha chuo cha ufundi, wakati wanaume wa karakana walicheka wakisema msichana atashika mota kama sufuria. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshtaki kwa kalamu. Kwa hiyo kengele ilipolia, Kinya alibonyeza kitufe cha kuifuta, na mashine ikaendelea.

Saa nane waliketi ukumbini. Meneja, Bwana Kaimenyi, alikuwa na karatasi iliyotolewa kwenye kompyuta ya mashine.

"Hii alarm imefutwa mara arobaini na sita tangu Januari," alisoma. "Kwa namba ya siri ya nani?"

"Yangu," Kinya akasema.

"Na siku ya ajali?"

"Yangu. Lakini niliamriwa."

"Na nani?"

Hakuwahi kumtaja mzee huyo kwa jina tupu, na hata sasa hakuweza.

"Baba Mwongera."

Watu wawili watatu wakacheka.

"Hapa hatuna baba," Kaimenyi akasema. "Tuko na fundi mkuu. Mwongera, ulimwamuru?"

Mwongera alivua kofia, akaiweka juu ya goti. Alibakiwa na miezi mitano astaafu, na hakuna mtu ukumbini ambaye hakulijua hilo.

"Mimi hiyo maneno siijui," alisema. "Huyu msichana ni mwerevu, lakini ana haraka. Hata hiyo shida ya waya naisikia leo."

Alimruka futi mia, tena bila kumeza mate. Asubuhi ile ile alikuwa ameshika tochi! Kinya alitaka kulia, kisha akajikasirikia kwa kutaka kulia mbele yao. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinauma vipi.

"Basi tuonyeshe pahali uliandika," Kaimenyi akasema na kumsukumia kitabu.

"Sikuandika."

"Hapo sasa."

Alipewa hadi Jumatatu alete shahidi. Asipomleta, atafutwa kazi, na jina lake litapelekwa polisi kwa kosa la uzembe.

Shahidi alikuwepo. Jumanne, dakika chache kabla ya ajali, Mwongera alisimama kando ya mashine akapaza sauti kushinda kelele: "Kinya, bonyeza twende!" Teresia alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Hata alitania, akauliza mzee ana haraka ya kuoa ama ni nini.

Jumamosi mchana Kinya alimkuta Teresia nje ya nyumba yake ya mbao, akichambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulining'inia shingoni, umefungwa bendeji hadi kiwiko.

"Pole, Mama Ciku. Inauma?"

"Zinazouma ni zile haziko."

Kinya akaketi kwenye kibao. "Jumanne ulimsikia Mwongera."

"Nilimsikia. Masikio haikukatwa."

"Basi Jumatatu uje useme hivyo tu. Nakuomba."

Teresia alichambua maharagwe kwa muda. "Walikuja jana," alisema. "Meneja na Mwongera. Na mchele, na sukari, na karatasi."

"Ukasaini?"

"Kwa mkono gani? Niliweka kidole." Dole gumba lake la kushoto bado lilikuwa na wino. "Imeandikwa ati ni wewe ulibonyeza. Si ulibonyeza?"

"Na aliyeniambia nibonyeze?"

"Hiyo hawakuniuliza."

Binti yake wa miaka kumi na tisa alitoka jikoni na koti jeupe la kiwanda, akalitundika kwenye kamba, akalinyoosha mikono.

"Wamempa Ciku nafasi yangu," Teresia akasema. "Anaanza Jumatatu, namba mbili. Usinichukie, Kinya. Mimi nani ataniandika tena na mkono hii?"

"Ule waya haujabadilishwa, mama."

"Najua. Nilimuuliza Mwongera, akaangalia kando." Kisha akageuka. "Ciku! Kuja hapa. Huyu ndiye anajua hiyo mashine kuliko wote."

Msichana akaja, akapangusa viganja kwenye sketi.

"Mwonyeshe," Teresia akamwambia Kinya. "Pakiti ikikwama ndani, atoe na mkono gani?"

Ciku alinyoosha mikono yote miwili mbele ya Kinya, akangoja aambiwe ni upi.