Mvi za Ukoo

Kwa ukoo wa marehemu mume wangu, mvi zilikuwa sifa. Yeye aliota mvi akiwa kijana, kabla mapafu hayajamwangusha, na mwanangu wa kiume akamfuata angali shuleni. Dada yake akambandika jina, Babu. Tukacheka, tukamshukuru Mungu kwa busara ya mapema.

Dada huyo ndiye aliyelazwa. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umechoka kutengeneza damu. Babu akajitolea kumpa wake.

"Uboho wa kizee huo," binti yangu akamtania. "Nitaamka natafuta mkongojo."

"Afadhali. Labda utapata na adabu."

Daktari hakucheka. Aliangalia kichwa cha Babu, akaangalia kucha zake, kisha akaagiza apimwe damu.

Majibu yalipotoka alituita mimi na Babu ofisini.

"Mama, ndani ya seli zetu mna nyuzi zinazobeba urithi, kromosomu. Kwenye ncha za kila uzi kuna vifuniko, telomea. Ndivyo vinavyozuia ncha zisiharibike wala nyuzi zisigandamane. Kila seli inapojigawa, vinapungua kidogo. Vikifupika mno, seli haijigawi tena."

Mimi ni fundi cherehani. Nguo isiyopindwa naijua inavyofumuka.

"Kwa hiyo vya binti yangu vimefupika?"

"Alizaliwa navyo vifupi. Inaelekea ni urithi wa kwa baba yake."

"Na vya huyu?"

Akamtazama Babu. "Vifupi vilevile. Uboho wake hautamfaa dada yake. Na yeye mwenyewe, pole sana, itabidi tumfuatilie."

Kumbe mvi zile zilikuwa moshi, nasi tukazishangilia nyumba ikiungua.

Kwenye korido Babu akanishika mkono. "Mama, habari yangu asiijue. Tuseme tu hatukufanana damu."

"Mimi uongo siuwezi, mwanangu."

"Basi wewe nyamaza. Nitasema mimi."

Wodini, binti alijiinua kwa kiwiko. "Haya, umefaulu?"

"Nimefeli. Eti damu zetu hazipatani."

"Kama sisi wenyewe tu!" Akacheka, kisha akanigeukia. Nikainamisha macho. Kicheko kikamkauka.

Alijikokota hadi ukingoni mwa kitanda, akaacha nafasi.

"Njoo ulale kidogo, kaka," akasema. "Umechoka."