Michungwa ya Kisu

Kazini walimwita Binti Kisu, na jina hilo hakulipata kwa ukali. Kisu alikuwa baba yake, fundi wa kubebesha michungwa. Kwa miaka thelathini mzee yule alikata vikonyo, yaani vitawi vyenye macho, kutoka mti mmoja mzuri, akavipachika kwenye miche ya milimau mpaka vikashikana vikawa mti mmoja. Hapakuwa na shamba la karibu ambalo mkono wake haukufika. Ukimsifia mtu machungwa yake, alikujibu kwa kujidai kidogo kwamba hayo ni ya Kisu. Kwa hiyo hata binti alipokwenda kusomea magonjwa ya mimea, akarudi na digrii mbili na koti jeupe, alibaki kuwa wa baba yake tu. Mlinzi wa getini hakujua hata kama ana jina jingine.

Jumanne moja alikuwa mbele ya kompyuta, chai imempoa mkononi. Michungwa ya eneo lile ilikuwa imedhoofika kwa miaka kadhaa. Matunda yalitoka madogo kama ndimu, majani yalipauka, na ukibandua gome ulikuta mti umejaa vishimo kana kwamba mtu ameudunga kwa sindano. Kwamba ni virusi, walishajua. Walichotafuta ni vilikotoka. Walikuwa wamekusanya majani kwenye mashamba arobaini, wakatoa vinasaba vya virusi katika kila sampuli na kuvisoma herufi kwa herufi. Sampuli ya arobaini na moja aliiongeza mwenyewe. Yalikuwa majani ya mchungwa wa nyumbani kwao, ulio nyuma ya jiko, ambao bibi yake aliuotesha kwa mbegu. Mti ule ulikuwa na afya ya kupigiwa mfano, akataka uwe wa kulinganishia.

Virusi navyo vina ukoo. Kila vinapojinakili hukosea herufi moja mbili, na kosa hurithiwa, kama pua ya babu. Mashamba thelathini na manne yalikuwa na kosa lile lile, mahali pale pale. Sampuli ya arobaini na moja ilikuwa nalo pia, tena yenyewe ndiyo iliyokaa kwenye shina la ukoo, na zingine zote matawi.

Alidhani amechanganya mirija. Akarudia kipimo tangu mwanzo, siku mbili nzima, jibu likabaki lile lile. Mti wa bibi, ule ule ambao baba yake alikata vikonyo vyake vyote, ulibeba ugonjwa bila kuugua, naye ndiye aliyeutembeza ugonjwa ule shamba kwa shamba.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke mfupi waliyemwita Mama Barakoa, kwa sababu alisahau kuivua hata akikaa kula. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamkumbusha kwamba kwenye ripoti sampuli ni namba tu, na kwamba katika mkutano wa wakulima, uliokuwa umebakiza wiki mbili, hakuna atakayejua mti ni wa nani. La nyumbani kwake aamue mwenyewe. Lakini msimu wa kubebesha ndio kwanza ulikuwa umeanza, na Kisu angekata vikonyo mamia kutoka mti ule ule. Hapo Binti Kisu aliona hakuna cha kuamua.

Jumapili akaenda kwao. Mama yake alikuwa akikunja nguo sebuleni. Baba alikuwa uani, amekaa kwenye benchi lake, anakata mfuko wa nailoni vipande vyembamba vya kufungia miche. Njiani binti alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakampotea. Akasema tu kama lilivyo.

Kisu aliweka vipande vyake chini. "Ni kisu changu?"

"Hapana, baba. Kisu hakina kosa. Ni vikonyo. Ugonjwa unakaa ndani ya mti, na kila jicho ulilokata liliondoka nao."

"Mti wa mama."

"Ndiyo, wa bibi."

Akauliza ni mashamba mangapi. Binti akamtajia. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi, kisha akauliza kuhusu shamba la Shangazi. Shangazi alikuwa dada yake mdogo, na mwaka uliopita alikuwa amekwisha kung'oa nusu ya michungwa yake mia mbili. Kisu mwenyewe alikwenda kumsaidia kuchimbua visiki, akimfariji kwamba ardhi imechoka. Binti akasema na la Shangazi limo.

Mzee akainuka, akachukua ndoo, akaenda kumwagilia miche. Alimwagilia yote, hata ile aliyoibebesha wiki ile na ambayo sasa ilikuwa ya kuchomwa moto. Ndani, mama aliacha kukunja nguo. "Ungemwacha ale kwanza," alisema, na hakumlaumu kwa lingine.

Siku nane Kisu hakupokea simu. Mama alitoa habari kwamba anakula kidogo na hasemi kitu. Kwa mtu aliyezoea kupiga soga hata na miche, kimya kile kilitisha. Jumatatu iliyofuata mlinzi akapiga simu ndani na kusema kwamba Kisu mwenyewe yuko getini.

Alikuwa amevaa shati lake la safari, begi la kazi begani. Hakuja kubishana, alitaka kuona. Binti akamweleza kwamba virusi havionekani hata kwa hadubini zao, akamwonyesha safu za herufi kwenye kompyuta na lile kosa moja lililojirudia. Mzee akalifuata kwa kidole. Akauliza kama mti unatibika.

Dawa hakuna, binti alimwambia. Lakini ncha ya chipukizi hukua mbio kuliko virusi vinavyoweza kuifuata. Ukikata ncha ile tupu, ndogo kama punje ya sukari, na kuipachika kwenye mche wa wiki mbili uliooteshwa ndani ya mrija, unaweza kupata mti wa aina ile ile usio na ugonjwa.

"Kumbe na nyie mnabebesha," Kisu akasema.

"Tunabebesha, baba. Tatizo hazishiki."

Katika kila miche thelathini walipata miwili, na siku nyingine patupu. Mzee aliomba kukaa awatazame. Akasimama nyuma ya fundi wa maabara asubuhi nzima, mikono nyuma, na mwishowe akashindwa kuvumilia. Akasema wembe wanausukuma, nyama inapondeka. Kukata ni kuvuta, akasema, na ukishavuta mara moja usirudie. Mama Barakoa hakupenda kufundishwa ndani ya maabara yake. Alivuta kiti, akasema basi na akate yeye, akamwashia hadubini, akampa wembe mpya na kibano.

Kisu alikuwa mtu wa kushika gazeti mbali kwa urefu wa mkono. Alipoinamisha jicho, akaona ile punje ya sukari imekuwa kubwa kama kabichi. Alikaa hivyo bila kusogea, halafu akauliza kwa nini kifaa hiki walikificha miaka yote.

Kundi lake la kwanza liliota ukungu lote, maana kila ncha aliyoipachika aliisemesha. Mama Barakoa akamvisha barakoa na kumwambia kwamba humu ndani, mzee, soga ni uchafu. La pili, ikashika mitano.

Kabla mitano ile haijashika lakini, ilikuja Ijumaa ya mkutano. Wakulima walijaa ukumbini, Shangazi yupo safu ya pili, mkoba magotini. Mama Barakoa alieleza habari za virusi na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani na kuhamisha ugonjwa mti kwa mti. Mkulima mmoja akauliza ugonjwa ulianzia wapi. Mama Barakoa akavuta pumzi, akaanza kusema ni vigumu kutaja mahali pamoja.

"Ulianzia kwangu," Kisu akasema. Alikuwa amesimama karibu na mlango. "Vikonyo vyote nilikata kwenye mti wa marehemu mama. Mti ulikuwa mgonjwa, sikujua. Nimewapelekea mimi, kwa mkono wangu. Nimekuja mnione."

Wawili watatu wakatoka nje. Mmoja akasema wao walimwita wenyewe, nani angejua. Kisha Shangazi akageuka kitini.

"Uliniambia ardhi imechoka," alisema. "Nikaamini. Nimeilaumu ardhi yangu mwaka mzima." Akachukua mkoba wake, akapita mbele ya kaka yake bila kumtazama.

Kisu hakumfuata wala hakujitetea. Jumatatu alirudi maabara, na Jumanne, na wiki iliyofuata. Mwezi ulipokwisha, katika miche yake thelathini ilikuwa inashika kumi na mmoja, na mafundi wakaacha kumwita mgeni. Binti alimtazama kutoka meza ya pili, barakoa imembana masikio, mikono mikubwa imetulia kama haina mwili, akajisikia fahari ambayo hakujua aiweke wapi.

Miche ile ilihamishwa kwenye vyungu, ikakaa ndani ya nyumba ya wavu ambamo kidukari hapenyi. Ilipimwa baada ya miezi mitatu, ikapimwa tena baada ya sita. Mingi ilikuwa bado na virusi, ikatupwa. Mitano ilikuwa safi. Mama Barakoa aliandika majibu kwa mkono wake na kumpa Kisu karatasi, ingawa angeweza kumwambia kwa mdomo.

Lilibaki la mti wenyewe. Ukiachwa umesimama, vidukari wangeendelea kuchota ugonjwa humo. Kisu alikubali bila ubishi, ila alisema hawezi kuukata peke yake mti wa mama yao, akamtuma binti kwa Shangazi. Shangazi alisikiliza mlangoni, hakusema ndiyo wala hapana. Siku yenyewe akaja. Hakusalimia. Aliuzunguka mti, akaweka kiganja kwenye gome, kisha akashika upande wa pili wa msumeno. Kaka na dada wakavutana msumeno ule mpaka mti ukalala, na mama akawaletea maji ya kunywa, kila mmoja na bilauri yake.

Msimu uliofuata nyumba ya wavu ilitoa vikonyo vya kwanza. Shangazi aliomba miche mia, kwa sharti moja, kwamba Kisu asiiguse. Abebeshe mpwa wake, msomi. Binti Kisu hakuwa na jinsi, akavaa kofia, akaenda. Virusi alivijua herufi kwa herufi, lakini kisu kilikuwa habari nyingine. Hadi saa sita mchana alikuwa amemaliza miche tisa, miwili kati ya hiyo jicho limetazama chini, na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Kisu alikuwa amekaa ng'ambo ya tuta juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono magotini, mdomo kimya.

Shangazi alikagua ule mstari wa miche, akafika mwisho, akarudi. Akamtazama mpwa wake, akatazama kile kidole.

"Kaka," alisema, "unakaa hapo mpaka lini?"

Kisu akainuka. Alinawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, akakichovya kisu kwenye dawa kama alivyofunzwa maabara, akapiga goti kwenye mche wa kumi. Alasiri ile Shangazi alimshikia miche, yeye akakata na kufunga, na Binti Kisu akafuata nyuma yao akiandika namba kwenye vibandiko. Walipofika mche wa thelathini hivi mzee akaanza kuisemesha miche, na hakuna aliyemkataza.