Mbwa Aliyechaguliwa kwa Fimbo

Abdille alikuwa na maneno matamu kuliko chai ya arusi, na hata watoto wa mbwa aliokuwa akiwauza aliwapaka mafuta kabla ya kuwaleta langoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku ile Qali hakuwa na masikio ya methali. Alikuwa na shida ya fisi.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita, serikali ilipowakusanya watu wa Balambala ndani ya kijiji kimoja chenye ua wa miiba na lango la askari, wasije wakawalisha wapiganaji wa msituni. Bunduki zilitwaliwa, na mikuki nayo ikatwaliwa. Binadamu walijua kuna vita. Fisi walichojua ni kwamba hakuna mkuki. Wakawa wanapenya miiba na kuchukua mbuzi mmoja leo, mwingine kesho kutwa. Bandu bandu huisha gogo. Qali alikuwa mjane, na maziwa ya mbuzi wale ndiyo yaliyomshikilia binti yake Nurto, mtoto mwenye kifua kibovu ambaye tumbo lake lilikataa uji. Mbuzi wakiisha, Qali hakujua angempa nini.

Basi akanunua mbwa kwa Abdille. Na alimnunua vile watu wengi wa dini kule hununua mbwa: amesimama mbali, nguo ameikusanya magotini, amenyoosha fimbo. Mbwa ni najisi, na swala ya adhuhuri ilikuwa imekaribia. "Yule," akasema, na fimbo ikamwelekea mtoto mmoja wa manjano mwenye tumbo la mviringo. Alidhani tumbo lile ni shibe. Alipouliza mama wa mbwa yuko wapi, Abdille akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Walaal, dada yangu, mama yake ni simba! Nimemwacha malishoni. Nikimleta hapa atamla askari."

Akapokea mtungi wa samli, akaenda zake na kikapu chake.

Tumbo lile lilikuwa minyoo. Mbwa alikua mwembamba, mwoga na mwenye hasira, na huo ni mchanganyiko mbaya hata kwa mtu. Fisi akija, yeye alikuwa wa kwanza kujificha chini ya kitanda. Fisi akiondoka, alitoka na kuwauma mbuzi masikio. Siku askari walipokuja kupekua vibanda, akamrukia mmoja kutoka nyuma na kumng'ata shavu la mguu. Walimpiga risasi palepale. Kisha koplo wao, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akamwambia Qali neno ambalo alilala nalo siku nyingi.

"Mama, mbwa mwingine akiuma askari, nachukua mbuzi wako wote. Umesikia?"

Alisikia. Bila mbwa, fisi wangemmalizia mbuzi kidogo kidogo. Akipata mbwa mbaya, askari wangewachukua kwa mkupuo. Qali alikaa kwenye zizi lake, akalia kwa hasira, kisha akaenda kwa jirani yake Maka.

"Nenda kwa Muslimo," Maka akamwambia. "Yuko kijiji kile kingine, upande wa juu wa mto. Watu wote wenye mbwa wa maana wamewatoa kwake. Ila jitayarishe, maana yule hutoa mbwa kama anayeoza binti."

Qali akaomba ruhusa langoni, akatembea na wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji, akafika kwa Muslimo. Alitazamia kukaribishwa. Akakuta mwanamke mnene, mkali wa macho, ambaye baada ya salamu hakuuliza habari za njia.

"Uliwahi kuwa na mbwa?"

Qali alitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini macho yale yalimkazia, akasema yote: kikapu, tumbo, kitanda, mguu wa askari.

"Ulimshika kabla ya kumchukua?"

"Eeddo, shangazi yangu, mbwa ni najisi."

"Najisi ni mate yake na unyevu wake. Kikavu kwa kikavu hakinajisi. Hilo tulifundishwa sote chuo cha Kurani, ila watu wa huko mnakumbuka nusu inayowapa kisingizio cha uvivu." Muslimo akatema mate pembeni. "Ulichagua kwa fimbo. Abdille amejenga nyumba kwa fimbo zenu. Anajua hakuna atakayefungua kinywa cha mbwa, wala atakayeshika tumbo, wala atakayetaka kumwona mama."

Kisha akamchukua hadi zizini. Mama wa mbwa alikuwa amelala katikati ya mbuzi, mweupe mwenye doa jekundu, na mwana-mbuzi mmoja alikuwa ameweka kidevu mgongoni mwake. Alimwona Qali, akasimama, akabweka mara moja, akajipanga kati ya mgeni na mbuzi. Hakusogea mbele zaidi.

"Kaa chini," Muslimo akaamuru.

Qali akakaa kwenye samadi na nguo yake safi. Alikaa mpaka mama yule akachoka kumtazama, akarudi kulala. Watoto wake walikuwa wamelala pamoja na wana-mbuzi, pua kwa pua. Hivyo ndivyo Muslimo alivyowalea: tangu kufumbua macho wananusa mbuzi, wanakanyagwa na mbuzi, mpaka wanawaona mbuzi kuwa ndugu na fisi kuwa adui wa ukoo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mmoja alikuwa amejificha nyuma ya jiwe.

"Yule ni mwoga. Simpi mtu, atabaki kwangu," Muslimo akasema. "Wako ni yule mwenye sikio jeusi. Mshike."

Qali akafuta viganja vyake kwa mchanga mpaka vikakauka kabisa, akamshika. Tumbo lilikuwa laini, ufizi mwekundu, na moyo ulipiga kwa utulivu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya koplo, akajisikia kupumua.

"Nimekuletea samli."

"Rudi nayo. Thamani ya mbwa hailiwi, ni haramu. Sharti langu ni moja: akikushinda, mlete kwangu mwenyewe. Usimtupe, usimpe mtu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, eeddo. Nimchukue?"

"Leo? Bado ananyonya, na mama yake bado anamfundisha adabu. Njoo mwezi mwingine ukiandama."

Qali aliona kizunguzungu cha hasira. "Fisi watasubiri mwezi?"

"Hawatasubiri. Na mimi sikupi."

Alirudi na samli yake, bila mbwa, akimlaani Muslimo njia nzima, na wiki ile fisi wakachukua mbuzi jike mwenye mimba. Na kama kawaida ya shetani kujua saa ya njaa, Abdille akatokea langoni na kikapu.

"Walaal Qali, nimesikia ya kwako, moyo umeniuma! Chukua mwingine sasa hivi. Huyu ni moto."

Qali akatazama kikapu. Akafikiria kifua cha Nurto. Mkono ulikuwa unamtaka amalize mambo leo. Kisha akafuta viganja kwa mchanga, akainama, na mbele ya watu wote akamshika mtoto wa mbwa. Wanawake wakasema astaghfirullah. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, ufizi umepauka, na meno hayajamaliza kutoka.

"Mama yake yuko wapi?"

"Malishoni, si nilikwambia?"

"Bado yuko malishoni tangu mwaka jana? Haya. Na huyu akinishinda, utampokea nikimrudisha?"

Abdille akacheka, lakini safari hii jino la mwisho halikuonekana. "Kilichouzwa kimeuzwa. Nani anarudishiwa mbwa?"

"Basi beba wako."

Alibeba, na siku ile hakuuza hata mmoja, kwa sababu kila aliyekuwa pale ghafla alitaka kujua mama yuko wapi.

Mwezi ulipoandama, Qali alimleta yule wa sikio jeusi, akamweka zizini na chombo chake mwenyewe cha kigae. Akamwita Ilaali, yaani linda. Na Ilaali akalinda. Alipokua, fisi walikuja kujaribu, wakapokelewa kwa kelele iliyoamsha kijiji kizima. Wakajaribu tena, kisha wakaenda kutafuta riziki kwingine. Mbuzi wakaanza kuzaa bila kupungua. Nurto akanenepa mashavu.

Lakini koplo alikuwa bado hajamwona mbwa yule, na Qali alijua siku inakuja.

Ilikuja asubuhi moja, watu wameamriwa kukaa nje. Koplo akaingia zizini kupekua, mguu wake karibu kabisa na wana-mbuzi. Ilaali akasimama. Akabweka, akajipanga mbele ya mbuzi wake. Koplo akashusha bunduki begani.

"Mama! Si nilikwambia juu ya mbwa?"

Qali hakukumbuka aliinukaje. Alijikuta zizini, amepiga magoti, mikono yote miwili shingoni mwa mbwa, akimsihi koplo kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Afande, hii si kama ile! Hii iko mbwa ya mbuzi beke yake. Mutu haumi. Toa muguu kwa mbuzi kidogo, utaona."

Koplo akamtazama mwanamke, akamtazama mbwa. Akarudisha mguu hatua moja. Ilaali akanyamaza, akakaa.

"Ehe," koplo akasema. Akasogea mbele, mbwa akasimama. Akarudi nyuma, mbwa akakaa. Akafanya hivyo tena, na sasa alikuwa anatabasamu kama mtu asiye na bunduki. "Huyu ana akili kuliko askari wangu. Kaa naye, mama."

Wakaenda. Qali hakuachia shingo ile. Machozi yalimtoka na hakuyazuia. Ndipo Ilaali akageuka, akamramba kuanzia kiganja hadi kiwiko, mate tele.

Kijiji kizima kikapiga ukelele wa kicheko. Maka akaja na maji na mchanga, akamwaga huku akihesabu, maana mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Walipofika katikati, Qali alikuwa anacheka mno hata Maka akapoteza hesabu, ikabidi waanze upya.

"Waambie wanaokwenda mtoni," Qali akasema, mkono ukidondoka maji, "wamfikishie Muslimo salamu. Wamwambie huyu harudi."