Ukurasa wa Mia Mbili Kumi na Nne

Dakta Tusekile Mwambije analala Jumapili mchana, baada ya wali na maharage, fomu ya uprofesa ikiwa mapajani na kalamu ikiwa bado mkononi, maana msomi akishiba naye ni mtu kama watu wengine. Hakukusudia kulala. Fomu inatakiwa kesho saa nne mbele ya kamati, na imebaki na kisanduku kimoja tu, kile kinachouliza kazi yake imenukuliwa mara ngapi na watafiti wenzake. Jibu analijua, ni mara mia sita na kumi na mbili, idadi ambayo hapo chuoni hakuna wa kuikaribia, na zote ni za makala moja aliyoiandika mwaka 2009, baada ya kukaa miezi mitatu nyuma ya darasa la tatu katika shule moja ya vilima vya Njombe, saa mkononi, akipima mwalimu akishauliza swali anamsubiri mtoto kwa muda gani kabla ya kumrukia mwingine. Alikuta ni sekunde moja. Akaandika kwamba mtoto anayenyamaza si kwamba hana jibu, ni kwamba hajasubiriwa. Sasa wiki tatu hizi, kwa upweke tu wa mtu asiye na wa kuzungumza naye jioni, amekuwa akifungua kazi za hao waliomnukuu aone wanamsema vipi, na kila anayoifungua ina maneno yale yale: watoto wanaokaa kimya darasani hawana uwezo wa kujibu, kasema Mwambije, 2009, ukurasa wa 214. Makala yake inaanzia ukurasa wa 31 na kuishia wa 47. Wa kwanza alikosea, wa pili akanakili kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili, na hakuna aliyekwenda kutazama. Akiandika mia sita na kumi na mbili atakuwa profesa kwa maneno ambayo hakuyasema. Asipoandika, atastaafu baada ya miaka miwili akiwa vile vile alivyo. Anaikodolea macho fomu, mistari yake inapanuka, inapanuka tena, inakuwa mipana kama barabara, na yeye anajikuta amesimama juu ya mmoja wao, miguu mitupu.

Barabara haina mwisho. Pembeni kuna mawe ya kuhesabia mwendo, na juu ya mawe zimechorwa namba za kurasa, 31, 32, 33, na majani yameota katikati ya njia kama njia ya kwenda kwenye nyumba iliyohamwa. Anatembea peke yake ndani ya maneno yake mwenyewe. Kwenye jiwe la 38 anasikia watoto wakikohoa, kwa sababu hapo ndipo alipoandika habari za baridi ya darasa lile, na anasimama kidogo, anafurahi, anageuka amwoneshe mtu na hakuna mtu. Anafika 47, majani yanakoma, mawe yanakoma, na barabara inakuwa pana, ngumu, imekanyagwa hadi inang'aa, watu wamejaa. Wamevaa majoho, wamebeba mikoba ya kompyuta, kila mmoja kaweka mkono kwenye bega la aliye mbele yake, kichwa chini. Anamkaribia bwana mmoja mwenye tai. Habari za safari, kaka. Nzuri, mama. Mnakwenda wapi wote hawa? Mia mbili kumi na nne. Kuna nini huko? Yuko Mwambije. Wewe umewahi kumwona? Mimi hapana, ila huyu wa mbele yangu anamjua. Anamuuliza wa mbele, naye anasema anayemjua ni wa mbele yake, na hivyo hivyo mpaka sauti zinapotelea huko waendako. Tusekile anasema, jamani, mimi ndiye Mwambije. Bwana mwenye tai anamtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama ndugu aliyeanza kupotewa na kumbukumbu. Hapana, mama, anasema taratibu, Mwambije ni wa mwaka 2009. Akili za kuambiwa watu huchanganya na zao, lakini hawa zao wameziacha nyumbani, na Tusekile anaona hasira kwanza, kisha anaona haya, kwa sababu anakumbuka makala zake nyingine na mabega aliyoyashika yeye.

Anafuata mkumbo, hana pa kwenda pengine, na barabara inamwingiza katika mji wa vioo. Kuta ni vioo, milango ni vioo, na juu ya kila mlango limeandikwa jina lake, Mwambije, Mwambije, Mwambije, limeandikwa na kuakisiwa ng'ambo ya pili na kuakisiwa tena mpaka halihesabiki. Moyo unamruka. Anabisha hodi mlango wa kwanza, unafunguka wenyewe, ndani hamna kiti wala mtu, kuna kibao tu, tazama nyumba ya pili. Nyumba ya pili kuna kibao, tazama nyumba ya tatu. Anazunguka mitaa yote, hodi, hodi, mpaka kibao cha mwisho kinamrudisha nyumba ya kwanza. Ndipo anapomwona aliyesimama njia panda akimsubiri, kavaa koti zito la baridi, na hana uso. Penye uso pamekuwa laini tupu kama karatasi ambayo haijaandikwa. Kamwene, anasema yule, na kwa salamu hiyo ya Njombe Tusekile anapata ujasiri. Kamwene. Ndugu yangu, nionyeshe njia ya mia mbili kumi na nne, nataka nikaone wameandika nini kwa jina langu. Njia haionyeshwi, anasema yule, njia inategwa. Kitendawili. Tusekile anacheka, muda mrefu hajacheka. Tega. Wengi wamefika kwangu, hakuna aliyeingia. Tusekile anavuta pumzi, jibu liko hapo hapo kwenye ncha ya ulimi, anafumbua kinywa, na yule anasema, umeshindwa, nipe mji.

Nilikuwa najibu, anasema Tusekile. Wa benchi la nyuma wote husema hivyo, nipe mji. Basi, desturi ni desturi, na kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye vitendawili anajua kwamba aliyeshindwa hutoa mji ili aambiwe jibu. Tusekile anampa Makambako. Siutaki. Anampa Iringa. Siutaki, nimeshapewa mara nyingi. Anampa Dar es Salaam, ambayo watoto wa bara huiweka ya mwisho kwa kuwa haikataliwi. Siutaki huo, nipe huu. Huu upi? Huu tuliosimama. Tusekile anatazama milango yake. Ni mji mtupu, anajua, amebisha kila mlango, lakini ni miaka mingapi sasa jina lake halitajwi na mtu ila kwenye vikao, mama yake hayupo, nyumba ya chuo ina vyumba vitatu na sahani moja inayotumika, na hapa walau ukutani anaitwa. Amekuwa mpweke kiasi cha kupenda mji usio na watu kwa sababu una jina lake. Analia kidogo, bila kujificha, mbele ya mtu asiye na macho. Nikikupa hutanirudishia? Mji wa kitendawili haurudishwi. Anakaa kimya. Yule naye, safari hii, anasubiri. Chukua, anasema Tusekile. Mara majina yanafutika mlango mmoja baada ya mwingine, vioo vinakuwa vioo tu, vinamwonesha mwanamke wa makamo miguu mitupu. Nimekwenda mji wako, anasema asiye na uso, nikala, nikanywa, nikalala, hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Jibu ni makala yako. Kisha anasogea pembeni, na nyuma yake kuna mlango wa mbao wenye namba iliyoandikwa kwa chaki, 214.

Ni darasa la tatu. Ni lile lile, bati lile lile, sweta zilizotoboka viwiko. Nje ya madirisha wale wa barabarani wamesimama wamelipa darasa mgongo, wanaandika. Mbele yuko Mwalimu Lwidiko Mgaya, yule aliyempima kwa saa miezi mitatu, mvi zimemjaa sasa, na Tusekile anatamani kurudi nje, kwani makala ilipotoka alimtumia nakala kwa basi, ndani ya bahasha, na barua ya shukrani, na mwalimu hakujibu kamwe. Amejiambia miaka yote kwamba alimuudhi, nani apendaye kuandikwa kwamba hasubiri watoto? Mwalimu hamwoni, au hajali. Anauliza, kwa nini ukungu unaondoka jua likitoka, na anaelekeza chaki kwenye benchi la mwisho kwa Sikitu, mtoto ambaye kwa miezi mitatu ile hakutoa hata neno moja. Tusekile anatazama mkono wake, hakuna saa, anahesabu moyoni. Moja. Wa mbele wanapiga vidole, mimi mwalimu, mimi mwalimu. Mbili. Midomo ya mwalimu inacheza kwa mazoea, anaibana. Tulieni, anasema, mpeni nafasi mwenzenu. Mkono wake uko nyuma ya mgongo na anakunja vidole, kimoja kimoja. Tatu. Juu ya meza liko daftari nene lililojalidiwa kwa gazeti, Tusekile analifunua, na kurasa za kwanza ni makala yake, imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu mpaka ilipoishia, na baada ya hapo mwalimu ameshona karatasi zake mwenyewe, akaendeleza namba, 48, 49, 50, kila siku ukurasa, leo nimesubiri mpaka nne, leo nimeshindwa, leo Sikitu ametikisa kichwa. Anafunua mpaka wa leo. Ni wa 214, na bado hauna kitu. Nne, kidole kingine kinakunjwa, darasa zima limenyamaza, na Sikitu anasimama, anashika ukingo wa dawati, anafumbua kinywa.

Dakta. Dakta Mwambije. Anafumbua macho, na mbele yake kuna meza ndefu na watu watano, dirisha liko nyuma yao na jua ni kali, hivyo nyuso zao hazionekani. Hakumbuki Jumapili ilivyokwisha. Hakumbuki kuvaa, lakini viatu viko miguuni. Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu mwenye subira ya kikazi, anasema, Dakta, tulikuwa tunakuuliza, kwenye kisanduku cha idadi ya waliokunukuu umeandika moja. Tumedhani ni makosa ya kalamu, kwa sababu sisi tunayo taarifa ya mia sita na zaidi. Si makosa, Mwenyekiti. Moja? Moja. Ni nani huyo? Mwalimu wa shule ya msingi, huko Njombe. Amekunukuu kwenye jarida gani? Hajaandika kwenye jarida, anasema Tusekile, amesoma. Mtu mmoja anakohoa, mwingine anafunua karatasi zake na kuzifunika. Una uhakika, Dakta, kwamba mtu huyo amesoma? Anawaza bahasha iliyopanda basi na isirudishe neno. Anatafuta nyuso zao kwenye ule mwanga na hazipati. Hana uhakika, hana uhakika hata na kiti alichokalia. Anasema ndiyo.