Vidonge Viwili vya Asubuhi

Paskazia alikuwa ameshaweka kadi ya mumewe, Bujiku, kwenye dirisha la dawa pale kituo cha afya cha Kalangalala, akingoja vidonge vya sukari vya mwezi, nesi Hosiana alipomuuliza Bujiku anaendeleaje na dawa za kifua kikuu.

Kazimaliza, Paskazia akajibu kwa furaha. Wiki tatu sasa. Miezi sita ya mkojo wa rangi ya chungwa, na leo mzee karudi machimboni, anaanza duara jipya, shimo la dhahabu, na wenzake.

Hosiana hakutabasamu. "Mama, za sukari anameza ngapi?"

"Viwili asubuhi. Si ninyi mlimwongezea?"

"Tulimwongezea kwa sababu dawa ya kifua ilikuwa inaifukuza hii ya sukari mwilini kabla haijamaliza kazi. Sasa mfukuzaji kaondoka, na hii imebaki na nguvu zake zote, inamshusha sukari kupita kiasi. Tulisema akimaliza arudi tumpunguzie. Leo amekula?"

Kitu gani humtetemesha mtu juani na kumlowesha bila mvua? Wiki nzima Paskazia alikuwa akikitazama kitendawili hicho kitandani mwake, akadhani ni uchovu.

Hajala. Kwenye duara jipya hakuna anayetia kitu tumboni mpaka kiroba cha kwanza cha mawe kifike juu. Dhahabu, wanasema, humkimbia aliyeshiba. Uji aliukataa. Vidonge akavimeza kwa maji, maana Bujiku hakuwahi kuruka dozi hata siku moja.

Hosiana akamtia mkononi pakiti ya glukosi. Kama Bujiku bado anaweza kumeza, alambe upesi. Kama hajitambui, wasimtie kitu mdomoni, wamlete mbio. Paskazia akapanda bodaboda bila kuuliza nauli.

Duarani Mwigulu, mtu wa winchi, alimwamkia huku akicheka.

"Shikamoo, mama. Mzee leo kalewa bila pombe. Katutukana Kisukuma kitupu, jasho linamtiririka, halafu huyo, kazama."

"Marahaba. Mtoe."

"Kiroba cha kwanza bado, mama. Tukimtoa sasa, duara limekufa."

"Life duara, Mwigulu. Mume wangu mtoe."

Kicheko kikamwisha. Wanaume waliokaa juu ya mawe wakatazama chini, wala hakuna aliyesimama kumzuia Paskazia alipoiweka pakiti ndani ya ndoo ya winchi kwa mkono wake mwenyewe. Winchi ikalia. Mwigulu akainama, akapaza sauti kama Paskazia alivyomwelekeza, kwa George aliyekuwa chini na mzee: ampe alambe kama anameza, halafu amfunge mkanda wa kumvutia juu. Shimo likameza maneno.

Akaitikisa kamba ya ishara mara tatu. Walio chini hujibu mara tatu.

Paskazia akaipokea kamba. Aliishika kwa vidole viwili, taratibu, kama wauguzi wanavyoshika mkono wa mgonjwa. Ilikuwa na vumbi, na joto la jua. Akafumba macho, akaanza kuhesabu.