Simu Iliyofutwa

Colombe alipanda ngazi za chuo kwa hasira, mwanawe Gloire mgongoni. Miaka mitatu ya masomo ya jioni, akinyonyesha kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, na leo msimamizi wake, Mardochée, alikuwa amegoma kusaini karatasi ya kumruhusu kuitetea kazi yake ya kuhitimu.

"Utoe jina ya Dany mu kazi yako," Mardochée alimwambia alipoingia ofisini, hata salamu hakuna. "Andika programu yako njo iko na makosa. Dany ni mudogo wangu."

"Mudogo wako alikuwa anaiba mu muchezo, papa assistant. Alikuwa anaona watu nyuma ya ukuta!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Colombe alitunga mchezo wa kuwindana, vijana wa Ibanda wakaupenda. Mwanzoni simu ya kila mchezaji ilibeba siri zote, hata pale adui alipojificha, na Dany akazichokonoa humo. Colombe akahamishia hesabu zote kwenye kompyuta ya mbali. Simu ikabaki kuonyesha tu kile jicho lilichostahili kuona. Tangu siku hiyo bingwa Dany hakumpata mtu hata mmoja.

Mardochée aliinyakua simu ya majaribio aliyokuja nayo Colombe, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Akaisukuma mbele ya Colombe ikiwa tupu kama siku ilipotoka dukani.

"Haya, maman Gloire. Matokeo iko wapi sasa? Rudia kwako upike bugali."

Colombe akaitazama ile simu, akamtazama mwalimu.

"Papa, kazi yangu ulisoma?"

"Nilisoma yote!"

"Ulisoma yote, na bado unafuta simu?"

Akaigeuza kompyuta ya mezani, akaingiza neno lake la siri kuifungua ile ya mbali. Kila pigo la Dany lilikuwa palepale, na saa yake na dakika yake. Matokeo hayakuwa yakikaa simuni tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzima, kuanzia ukurasa wa kwanza.

Akamfunulia kurasa za kazi yake, sura moja baada ya nyingine. Mwisho wa kila sura, kwa mwandiko wa Mardochée mwenyewe: *lu et approuvé*, nimesoma na kukubali. Hata ile yenye jina la Dany.

"Njo hii ntapelekea doyen, mukubwa wako. Nani mwizi hapa, papa? Dany peke yake?"

Mardochée alipapasa kalamu, akaivuta ile karatasi ya ruhusa aisaini.

Colombe akaifunika kwa kiganja.

"Hapana. Soma kwanza."

Akamfungua Gloire mgongoni, akaketi, akampa ziwa.

"Soma. Siye tunangoja."